Maswali na Majibu: Mtandao Haufiki, Kazi Iendelee

Barua za mwezi huu zimetoka mahali ambapo mnara wa simu uko mbali, au upo lakini hushika usiku wa manane tu. Tumefupisha maswali, majibu tumeyaacha yawe marefu pale yanapostahili.

Shule yetu ya sekondari haina umeme wa gridi wala mtandao. Ili upate mawasiliano sharti upande kilima, mwendo wa nusu saa. Tuna simu janja 12, laptop 3 na fedha kidogo za sola. Tunataka wanafunzi wasome Wikipedia, video na mazoezi humo humo shuleni. Tuanzie wapi? — Mwalimu wa Fizikia, Kaliua, Tabora

Mwalimu, anzia kwenye umeme. Wengi hununua vifaa kwanza, kisha hukuta betri imekufa kabla muhula haujaisha.

Seva, yaani kompyuta itakayogawa masomo, ya kutosha kwa darasa lako ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 (hapa tutaiita Pi) yenye RAM ya GB 4. Ikihudumia wanafunzi hula wati 5 hivi. Rauta ndogo ya Wi-Fi nayo hula kama wati 5. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri ni saa 7: wati 10 mara saa 7 ni wati-saa (Wh) 70. Ongeza hasara ya kubadili volti, ziwe Wh 80.

Sasa angalia simu. Betri ya simu ya mAh 4,000 hubeba Wh 15, na kuijaza hutaka kama Wh 20 kwa sababu ya joto na hasara za chaja. Simu 12 ni Wh 240 kwa siku. Kwa hiyo seva unayoiogopa si mlaji. Walaji ni simu. Jumla yako ni Wh 320, na laptop bado hatujazigusa. Laptop moja ikifanya kazi kwa saa 7 inaweza kumaliza Wh 200 au zaidi peke yake, kwa hiyo hizo 3 ziweke kwa kazi za walimu na uzichaji kwa zamu.

Paneli ya wati 100 ikipata jua kali kwa muda wa saa nne na nusu kwa siku, ukitoa vumbi, joto na hasara za nyaya, hukupa kama Wh 315. Inafika ukingoni tu, na masika haitafika. Nunua ya wati 150. Betri ya asidi ya 12V 100Ah ina Wh 1,200 lakini usitumie zaidi ya nusu yake. Ukiishusha chini ya hapo kila siku, itazeeka haraka sana. Nusu hiyo ni kazi ya karibu siku mbili bila jua, laptop zisipohesabiwa. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 ya 50Ah inakupa karibu kiasi hicho hicho, kwa sababu yenyewe unaweza kuitumia hadi asilimia 80. Na simu zichajiwe saa 4 hadi saa 8 mchana, jua likiwa kali, ili umeme utoke kwenye paneli moja kwa moja bila kupitia betri.

Usiweke inveta kwa ajili ya seva. Kupandisha 12V hadi 230V kisha kuirudisha 5V kwa chaja ni kulipa ushuru mara mbili, na inveta yenyewe hula umeme hata isipobeba mzigo. Tumia kibadilisha volti cha 12V kwenda 5V chenye uwezo wa ampea 5, ukirekebishe kitoe 5.1V, na waya wa kwenda kwenye Pi uwe mnene na usizidi nusu mita. Waya mrefu mwembamba wa kuchajia simu ndio unaosababisha "seva inajizima yenyewe": volti ikishuka chini ya 4.63V, Pi hupunguza kasi, huharibu kazi au hujiwasha upya. Kuhakiki, andika *vcgencmd get_throttled* kwenye dirisha la amri la Pi. Jibu likiwa 0x0 uko salama. Likiwa 0x50000, umeme uliwahi kushuka tangu ulipoiwasha, na shida iko kwenye waya au kibadilishi, si kwenye programu.

Sasa vifaa na programu. Kazi hii ya kupakua ifanyie mjini, kwenye intaneti ya kweli, si kwa bando la simu:

1. Memori kadi ya GB 32 kwa mfumo wenyewe, na diski ya SSD ya GB 500 kwa maudhui, ichomekwe kwenye tundu la USB la bluu. Matundu yote manne ya Pi 4 kwa pamoja hutoa ampea 1.2 tu, kwa hiyo diski ya zamani inayozunguka isitegemee umeme wa Pi.
2. Weka Raspberry Pi OS kwa programu ya Raspberry Pi Imager, kisha Kolibri na kiwix-tools. Kolibri hubeba masomo, video na mazoezi na huweka kumbukumbu ya kila mwanafunzi; Kiwix hubeba Wikipedia na vitabu katika mafaili ya ZIM.
3. Kwenye Kolibri pakua mada unazofundisha tu. Chaneli ya Khan Academy ya Kiingereza ikichukuliwa yote hujaza makumi ya GB; ipo pia ya Kiswahili. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100, isiyo na picha ni karibu nusu yake. Ya Kiswahili ni ndogo kiasi kwamba inaingia hata kwenye simu.
4. Rauta haihitaji intaneti wala laini. Iunganishe na Pi kwa waya wa mtandao, kisha katika mipangilio yake itengee Pi anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.10. Kolibri itapatikana kwenye *http://192.168.1.10:8080*, Kiwix uiwashe kwenye mlango (port) mwingine, mfano 8081.

Kwa nini rauta wakati Pi ina Wi-Fi yake? Kwa sababu Wi-Fi ya ndani ya Pi hulemewa. Kutegemea toleo la programu yake ya ndani, wanafunzi waliounganika wakifika kati ya 10 na 20 wengine hukataliwa kimya kimya, na mwalimu hudhani simu ni mbovu.

Mambo mawili yatakayokuharibia. La kwanza ni memori kadi bandia: imeandikwa GB 128, ndani ina 16. Inajaa bila kulalamika na mafaili ya mwisho huwa takataka. Kabla ya kutumia kadi au flashi yoyote, ijaze na kuisoma kwa H2testw ya Windows, au *f3write* na *f3read* za Linux. Itachukua saa kadhaa, iache ifanye. La pili ni kuzima kwa kuchomoa waya. Kadi ikiwa katikati ya kuandika, mfumo huharibika na kesho yake hauwaki. Weka kitufe cha kuzimia: kiunganishe kwenye pini ya 11 na ya 14, kisha ongeza mstari *dtoverlay=gpio-shutdown,gpio_pin=17* katika faili la config.txt (17 ni namba ya GPIO ya hiyo pini ya 11). Usiposema pini, mfumo huchukua ya 5, ambayo utaihitaji kwa saa kama tutakavyoona hapa chini. Bonyeza, subiri taa ya kijani iache kumetameta, ndipo ukate umeme. Na tengeneza nakala ya pili ya memori kadi ikiwa nzima, uifungie kwenye droo ya mwalimu mkuu.

Ukihamisha faili la ZIM kwa flashi likagoma kwa ujumbe kwamba ni kubwa mno ilhali nafasi ipo, flashi imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4. Ifomati upya kwa exFAT.

Wafadhili walituachia seva ya masomo. Simu inaunganika na Wi-Fi vizuri, lakini inaandika "hakuna intaneti" na ukurasa haufunguki. Laptop inafungua bila shida. — Mwalimu, North Horr, Marsabit

Seva yako ni nzima. Android ikiunganika hujaribu kufikia seva ya Google. Isipojibiwa huamua kwamba Wi-Fi hii haifai, na kama data ya simu imewashwa, hupeleka maombi huko. Huko nako hakuna kitu, au kuna kamtandao kanakokuja na kupotea.

Zima data ya simu. Unganisha tena, na simu ikiuliza kama ubaki kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti, kubali na uweke alama ya isikuulize tena. Kisha andika anwani ukianza na *http://*, uiandike yote hadi namba ya mlango. Ukiacha, kivinjari kinaweza kuongeza *https* na kukataa. Kama mmezoea kuandika jina badala ya namba na jina halifanyi kazi, ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya simu, tafuta Private DNS, uiweke "Off". Ikiwa imefungwa kwa huduma fulani ya nje, simu haitaiuliza rauta yenu jina lolote. Bandikeni anwani ukutani kwa herufi kubwa, maana swali hili mtaulizwa kila Jumatatu.

Kila asubuhi tukiwasha seva, tarehe ni ya jana jioni. Ripoti za wanafunzi zimechanganyika. — Kituo cha vijana, Fizi, Kivu Kusini

Pi 4 na za kabla yake hazina saa ya ndani. Kwa kawaida huuliza muda kwenye intaneti. Isipoipata hutumia muda wa mwisho iliyouhifadhi kabla ya kuzimwa. Ukizima saa 10 jioni na kuwasha kesho saa 2 asubuhi, kwake ni saa 10 ile ile. Mkifunga kituo wiki mbili, mnabaki nyuma wiki mbili.

Nunueni moduli ya saa ya DS3231, ile ndogo inayokaa moja kwa moja juu ya pini 1, 3, 5, 7 na 9. Ongezeni *dtoverlay=i2c-rtc,ds3231* katika config.txt, ondoeni kifurushi cha fake-hwclock, washeni upya. Kisha wekeni muda wa kweli mara moja kwa *timedatectl set-ntp false* ikifuatiwa na *timedatectl set-time* pamoja na tarehe na saa, zote mbili kwa *sudo*. Amri hiyo ya pili huandika muda hata kwenye moduli. Mkiandika *timedatectl* peke yake, mstari wa RTC uonyeshe muda sahihi. Hiyo ni saa ya kimataifa ya UTC, kwa hiyo itakuwa nyuma ya saa ya Fizi kwa saa 2, msishtuke.

Ile moduli kubwa zaidi yenye tundu la betri ya CR2032 huwa na sakiti ya kuchaji, wakati CR2032 si betri ya kuchajiwa. Iungeni kwenye 3.3V, kamwe si 5V. 5V inaweza kuvimbisha betri na pia kuumiza pini za Pi. Pi 5 ina saa yake na tundu la kibetri, lakini hula umeme zaidi na hutaka chaja ya 5V ya ampea 5 ili itumike kikamilifu. Kwa ajili ya saa tu, haina haja kuibadili.

Tunakusanya takwimu za kaya kwa KoboCollect vijijini, siku kumi bila mtandao. Mmoja wetu aliona programu inakwama, akaifuta na kuiweka upya. Fomu 60 zimepotea. Zinarudi? Na tunazuiaje? — Msimamizi wa takwimu, Uvinza, Kigoma

Pole, dada. Haziwezi kutegemewa kurudi. Fomu zilizojazwa hukaa ndani ya folda ya programu yenyewe kwenye simu. Ukiifuta programu au ukibonyeza "Clear data", Android hufuta folda nzima. Zile programu za "kusafisha simu" nazo zina hatari hiyo hiyo, ziondolewe kwenye simu zote za kazi kabla ya safari.

Kinga ni nakala ya kila jioni. Chomeka simu kwenye laptop kwa waya wa USB, fungua *Android/data/org.koboc.collect.android/files*, unakili folda ya *projects* yote kwenye folda yenye jina la mkusanyaji na tarehe. Dakika mbili kwa simu. Kwenye simu mpya folda hiyo haionekani ukiitafuta ndani ya simu yenyewe, ndiyo maana laptop ni ya lazima.

Kabla ya kuondoka mjini, kila simu ipakue fomu na ijaze moja ya majaribio ikiwa kwenye hali ya ndege. Hapo ndipo hugundulika kwamba orodha ya vijiji haikushuka pamoja na fomu. Na fomu isibadilishwe wakati watu wako njiani: nusu watakuwa na toleo jipya, nusu la zamani, na atakayelia ni wewe wakati wa kuunganisha.

Picha pia. Kaya 150, picha mbili kila moja, kila picha MB 4: hiyo ni GB 1.2 ya kutuma kwa mtandao wa kubahatisha. Katika XLSForm (faili la Excel la kutengenezea fomu), kwenye safu ya *parameters* ya swali la picha, andika *max-pixels=1024*. Picha itashuka hadi KB mia mbili, mia tatu, na mzigo wote utakuwa chini ya MB 100. Kutuma, zima utumaji wa moja kwa moja, msubiri mtandao mzuri, mtume kumi kumi.

Nasikia kuna programu inayotambua ugonjwa wa muhogo bila intaneti. Je, ni kweli, na inaaminika? — Mkulima, Mkuranga, Pwani

Ni kweli. Inaitwa Nuru, iko ndani ya programu ya PlantVillage, kazi ya Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Inazungumza Kiswahili, na hesabu zote hufanyika ndani ya simu ya Android. Intaneti unaihitaji siku ya kuipakua tu.

Kuaminika kunategemea unavyoipima. Usipime jani moja ukaamua. Pima majani sita ya shina moja, maana jani moja hudanganya. Ugonjwa wa batobato utafute kwenye majani machanga ya juu, yale yaliyojikunja na kuwa na mabaka ya njano. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia huanzia majani yaliyokomaa ya chini, na ndipo wengi wanapokosea: wanapima juu, simu inasema mmea ni mzima, kumbe mizizi imeoza. Jani lijaze kioo, upige ukiwa umelikinga na jua kwa mwili wako, mkono usitikisike. Uharibifu wa utitiri wa kijani hufanana na batobato kwa jicho la haraka, kwa hiyo geuza jani utazame upande wa chini.

Hata simu ikisema mzima, kabla ya kuchukua vipando kutoka shina hilo ng'oa mizizi miwili mitatu uikate. Ukiona madoa makavu ya kahawia ndani ya nyama nyeupe, usipande pingili zake. Magonjwa yote mawili husafiri kwa vipando na kwa inzi weupe, na simu haitibu. Kinachookoa msimu ni vipando safi, hasa vilivyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania.

Simu yangu inachukua muda mrefu sana kuonyesha nilipo nikiwa porini. GPS inahitaji bando? — Mwongoza watalii, Loliondo

Haihitaji. GPS husikiliza setilaiti, haitumii data. Mtandao ukiwepo, simu huletewa taarifa za mahali setilaiti zilipo kwa sekunde chache. Usipokuwepo huzisikiliza toka angani kwa mwendo wa biti 50 kwa sekunde. Mpangilio wa setilaiti moja huchukua sekunde 30 ukiwa na anga wazi, na ratiba nzima ya setilaiti zote ni dakika 12 na nusu. Ukitembea chini ya miti ukakatizwa, inaanza kusikiliza tena. Kwa hiyo asubuhi simama mahali pa wazi, fungua ramani, tulia hadi nukta ikae, ndipo uondoke. Baada ya hapo itashika haraka kwa saa kadhaa. Ramani zenyewe pakua mapema kwenye Organic Maps au OsmAnd, na uzifungue mara moja ukiwa kwenye hali ya ndege kabla ya safari.

Kuhamisha video ya GB 1 kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth kunamaliza saa nzima. — Fundi simu, Kilwa

Ndivyo Bluetooth ilivyo. Tumia Quick Share: simu hutafutana kwa Bluetooth lakini hupitisha faili kwa Wi-Fi ya moja kwa moja, bila bando, na GB 1 huisha kwa dakika chache. Zima hotspot kwanza, na simu zikae karibu.

Naweza kuendesha akili unde kwenye laptop bila intaneti, itusaidie kuandaa masomo kwa Kiswahili? — Mwalimu wa msingi, Pemba

Unaweza. Programu kama Ollama au llama.cpp huendesha modeli iliyobanwa kwa biti 4: ya vigezo bilioni 3 ni faili la GB 2 hivi, ya bilioni 8 ni karibu GB 5. RAM ya GB 8 inatosha kwa ile ndogo. Kwa kubwa nenda GB 16, la sivyo laptop itakwama kila sentensi.

Kwa Kiswahili, modeli za ukubwa huo bado ni dhaifu. Zinachanganya ngeli, na zikikosa jambo hulitunga kwa ujasiri ule ule. Zinafaa kutunga maswali mengi ya hesabu utakayoyahakiki mwenyewe, au kufupisha andiko la Kiingereza ulilonalo mkononi. Tarehe za historia na mambo ya afya usizichukue huko, fungua Kiwix. Na ukumbuke betri: laptop ikifikiri kwa nguvu inakula wati 40 au zaidi, kwa hiyo iendeshe mchana jua likiwa juu ya paneli, uandae masomo ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, uyahifadhi, kisha uizime.